Eda ya Pikipiki

Ipo nchi moja. Sisemi ilikuwapo, nasema ipo, na anayetaka kuifikia aende tu mpaka aone bango kubwa la kumkaribisha, na nyuma ya bango asione barabara. Hapo amefika, aingie.

Mimi niliingia na mzigo wangu wa sindano, nyembe na sumu ya panya. Shule nimeisoma vipandevipande, darasa hapa, darasa kule, kwa hiyo mambo makubwa ya utawala siyaelewi sana. Nayasimulia kama yalivyopita mbele yangu. Atakayeona nimetia chumvi aende akaonje mwenyewe.

Watu wa nchi ile wanaishi bondeni. Hospitali yao iko mlimani. Nilipouliza sababu, nikaambiwa kwamba siku ya kuweka jiwe la msingi Waziri alitokwa na jasho, akaagiza jiwe lipelekwe penye upepo. Jiwe likapanda mlima, hospitali ikalifuata jiwe, na wagonjwa wakatakiwa waifuate hospitali. Njia yenyewe ni nyembamba, ya mawe na makorongo. Gari la wagonjwa lipo, lakini limefungiwa karakana ili lisichakae. Machela nayo ilipigwa marufuku, maana wataalamu waliihesabu wakaona ni chombo cha miguu minane kisicho na bima. Kinachobaki ni bodaboda.

Sasa, pikipiki za kule ziko za madaraja mawili. Daraja la Panzi ni zile ndogo, na Daraja la Nyati ni zile kubwa. Zamani palikuwa na Daraja la Swala katikati, likafutwa baada ya Waziri kula nyama ya swala kwenye sherehe na kuharisha. Panzi ikiwa bondeni ni chombo. Ikifika mlimani na abiria mgongoni inakohoa, inazima, na abiria anashuka kuisukuma. Mgonjwa wa nchi ile anafika hospitalini akiwa ameisukuma pikipiki iliyotakiwa kumbeba, na juu ya hilo anailipa. Takwimu za Serikali zinamwandika kuwa amesafirishwa.

Nilipanga chumba cha uani kwa mama mmoja aitwaye Siwema, mjane, dereva wa bodaboda. Mwanawe, Radhia, alikuwa na mimba ya kwanza, na mume wa Radhia alikuwa mbali kwenye machimbo ya chokaa. Wauguzi walimpima wakamwambia mtoto amekaa vibaya, asithubutu kujifungulia nyumbani, na kutembea asitembee. Apande mlima bila kutembea. Akaomba basi alazwe kule kule mapema. Akajibiwa kwamba mja mzito ambaye uchungu haujamshika hahesabiwi kuwa mgonjwa, anahesabiwa kuwa mtalii, na hospitali haina kibali cha utalii.

Siwema akauza alichokuwa nacho akanunua Nyati. Ilikuwa nyekundu, kifua kipana, ikiunguruma hata mimi mpita njia nilijihisi nina ng'ombe. Mlima ule ingeupanda huku inapiga mluzi. Kilichobaki ni makaratasi mawili tu, leseni ya Nyati na bima ya Nyati. Siwema alisema hivyo, "mawili tu", na mimi, kwa kuwa nilikuwa mgeni, nikamwamini.

*

Leseni aliipata upesi, tena kwa heshima. Palikuwa na kikwazo kidogo. Kwa sheria, huwezi kupata bima ya Nyati kabla ya kufaulu mtihani wa Nyati, na huwezi kuipanda Nyati isiyo na bima, hata kwa mtihani. Nchi nyingine wangekwama hapo. Wale hawakukwama. Mtihani wanaufanyia kwenye benchi.

Nilikuwapo. Siwema alipanda benchi la mbao, akashika hewa kwa mikono miwili, na msimamizi akamwamuru awashe. Akaunguruma kwa mdomo. Akaambiwa apande kilima, akaunguruma kwa shida. Ashuke, akaunguruma kwa raha. Kwenye kona alilaza mwili mpaka benchi likanyanyuka upande mmoja, msimamizi akarudi nyuma asigongwe. Kijana aliyemtangulia alikuwa ameanguka mtihani kwa kuwa aliunguruma kama Panzi.

Siwema akafaulu. Alitoka pale sauti imemkauka, anacheka, akaniambia kwamba kama leseni ni hii basi mbuzi wote wa bondeni ni madereva.

*

Kesho yake akaenda Shirika la Bima. Aliyempokea ni Bwana Hashili, Afisa Mahusiano ya Chombo na Bima. Alikuwa mtu wa upole mwingi, ule upole wa mtu ambaye hatakusaidia. Siwema akamweleza haja yake. Ana Panzi yenye bima ambayo haijaisha. Sasa anahamia Nyati. Anaomba kile kipande cha bima kilichobaki kihamie nayo, na kama kuna nyongeza atalipa.

Bwana Hashili akashika shavu kama mtu aliyesikia tusi. Akamweleza taratibu kwamba bima ni mke na pikipiki ni mume, na wao Shirika ndio wazazi wa bima. Kuitoa kwa Panzi akiwa hai na kuipeleka kwa Nyati bila talaka, hayo mambo yanafanyika nchi za ovyo.

"Basi tuiandikie talaka," Siwema akasema.

Ikaandikwa. Bwana Hashili aliigonga muhuri mara tatu, kila muhuri na pole yake. Siwema akanyoosha mkono apewe bima ya Nyati.

"Bado, mama. Sasa tuna eda."

"Eda ya nani?"

"Ya bima. Miezi mitatu. Lazima tuwe na hakika kwamba haikuondoka na mimba."

Siwema akamwangalia, akatuangalia na sisi tuliokuwa kwenye foleni, kama anayeomba shahidi. Bwana Hashili hakuona haya. Akaeleza kwamba mimba ya bima ni ajali. Mtu anagongwa leo, anajisikia mzima, mguu unavimba mwezi ujao, anakuja na madai. Mwezi huo bima imeshaolewa na pikipiki nyingine. Madai yatakuwa ya nani? Baba yake tutamjuaje? Alisema haya kwa uchungu wa kweli, kama vile aliwahi kudanganywa yeye mwenyewe. Na kwa kuwa bima ni karatasi, na karatasi haiwezi kukaa eda, pikipiki zitakaa kwa niaba yake. Zote mbili. Panzi kwa sababu ameachika, Nyati kwa sababu ni mwali anayengojea. Ziwekwe ndani ya nyumba, zifunikwe shuka nyeupe, zisitiwe oili yenye harufu, na zisionwe barabarani.

"Eda naijua, Bwana Hashili," Siwema akasema. "Nilikaa kwa mume niliyempenda. Wewe umeitoa wapi?"

Jibu la swali hilo nililipata mtaani. Mkurugenzi Mkuu wa Shirika, Daktari Ngurumo, ambaye udaktari wake alitunukiwa na Shirika lenyewe kwenye kikao alichokiongoza yeye, alikuwa ameenda kuhani msiba. Kati ya sahani ya kwanza ya biriani na ya pili akasikia wanawake wakizungumzia eda ya mfiwa. Akaacha kutafuna. Akasema, mbona chuma nacho kinakosa adabu? Kabla hajamaliza sahani ya tatu msaidizi wake alikuwa ameandika kanuni. Masheikh walikwenda ofisini kumweleza kwamba eda ni ibada ya mja, haiwekwi juu ya vyuma. Akawapokea vizuri, akawapa soda, akawaambia Serikali haina dini, ina eda tu.

*

Basi zikakaa. Nyumba ya Siwema ina vyumba viwili na kile changu cha uani. Panzi akapewa sebule. Nyati, kwa vile ni mwali, kanuni ilitaka apewe chumba chenye mlango, akapewa chumba cha Radhia. Radhia na tumbo lake akahamia jikoni, karibu na kuni. Nilimpa chumba changu akakataa, akasema mgeni hafukuzwi kwa ajili ya pikipiki. Usiku tulikuwa tukila sote wanne uani, mimi, wao wawili na jirani yao Mwajabu, tukiongea kwa sauti ya chini, maana sheria ilikataza kelele za furaha karibu na chombo kilicho edani.

Na ukaguzi ulikuwapo. Mkaguzi wa Eda, Bwana Mfaume, alikuwa akipita nyumba kwa nyumba amevaa koti jeupe. Shirika lilikuwa limemnunulia kipimo cha kusikilizia mapigo ya moyo, kile cha kuweka masikioni. Hospitali nzima ya mlimani ilikuwa imebakiwa na kimoja, na hicho kilikuwa hakisikii. Cha Bwana Mfaume kilikuwa kipya. Alifunua shuka, akapiga magoti mbele ya Panzi, akaweka kipimo kwenye tangi, akafumba macho. Akasikiliza muda mrefu. Akahamia kwenye bomba la moshi. Mwishoni akainuka na kuandika kwamba kwa sasa hakuna dalili, ila mwenye chombo asiichukulie kuwa ni uhakika.

Radhia alikuwa amesimama mlangoni, mkono kiunoni. Siku ile mtoto alikuwa hajacheza tangu asubuhi, na alikuwa amekaa na hofu hiyo bila kumwambia mama yake.

"Kaka," akasema, "nisikilizie na mimi."

Bwana Mfaume akalitazama tumbo, akakitazama kipimo, na naapa niliona mkono wake unataka kwenda. Halafu akakikunja akakitia mfukoni.

"Dada yangu, mimi ni wa bima. Nikikusikilizia wewe nitaulizwa wewe ni chombo cha daraja gani."

"Dakika moja tu, kaka."

"Kipimo ni cha Shirika."

Akaondoka, akituachia nasaha kwamba shuka ya Nyati imechafuka kidogo upande wa kushoto. Radhia akarudi jikoni akalala chali, akajibonyeza tumbo mwenyewe mpaka mtoto akarusha teke. Hapo ndipo alipolia. Siwema alikaa kwenye kizingiti cha chumba cha pikipiki akiitazama ile shuka, na sikumwona akipepesa macho.

*

Uchungu ulikuja wiki ile ile, saa nne asubuhi. Siwema hakuuliza mtu. Aliivuta shuka akaitupa chini, akaitia Nyati petroli, akamkalisha Radhia nyuma, akamfunga kwa kanga kiunoni pake, na wakaondoka. Mimi na Mwajabu tukakata njia ya mkato kwa miguu. Nyati iliupanda mlima kama ilivyoahidi. Mawe yaliruka, makorongo yakapita, na nusu ya mlima ikabaki nyuma kabla mimi sijapata pumzi. Kama nchi ile ingekuwa na mlima tu, hadithi ingekwisha hapo.

Lakini ina Afande Koba. Huyu ni askari wa vyombo vya magurudumu mawili, na kizuizi chake amekiweka kwenye kona ya katikati ya mlima kwa kuwa hapo pana kivuli. Nilipofika, Nyati imezimwa, ufunguo uko mfukoni mwa Afande, na Siwema anamsihi kwa maneno yote ambayo mwanamke anaweza kumsihi mwanamume aliyekaa kwenye kiti. Pembeni walikuwapo watu wengine aliokwisha wazuia. Mmoja wao alikuwa muuguzi wa hospitali, Sista Perpetua, aliyekuwa akienda kazini. Amekaa pale tangu jua lichomoze, kwa sababu dereva aliyembeba hakuvaa kizibao cha kung'aa mchana.

Afande Koba hakuwa na haraka. Akaeleza kwamba chombo kiko edani, kimetoka nje, tena kimetoka kimewaka. Akasema ana moyo, yeye pia alizaliwa na mwanamke, lakini akiruhusu eda moja ivunjwe leo kesho watamvunjia zote. Akawa anatafuta jina la kosa, maana mtu kutoroka na mwali kulikuwa hakujaandikwa kwenye kanuni.

Radhia hakumsubiri alipate. Alimwita mama yake mara moja, kwa sauti ambayo sijaisahau, na Sista Perpetua akanyanyuka, akampita Afande kana kwamba ni kisiki. Akamlaza Radhia penye nyasi. Wanawake waliozuiwa wakafungua kanga zao wakasimama duara, na sisi wanaume tukageuzwa tuangalie bonde. Tuliangalia bonde muda mrefu. Sauti ya Sista ilikuwa ikitoka nyuma yetu, ya chini, ikimwambia ngoja, ngoja, sasa, ngoja. Mtoto alitangulia miguu. Niliwahi kusikia mama akifa hivyo, nchi nyingine, na nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kumwambia Siwema.

Halafu mtoto akalia. Alikuwa wa kiume, na alilia kwa hasira, kama anayemtafuta mhusika. Radhia alikuwa hai. Siwema aliegemea Nyati, akakaa chini kwenye vumbi.

Afande Koba akasogea na daftari. Kosa alikuwa amelipata.

"Mama, ulipofika hapa ulikuwa na abiria mmoja. Sasa ninawaona wawili. Huu ni mshikaki."

*

Habari ikafika kwa Daktari Ngurumo kabla kitovu hakijakauka. Wasaidizi walitaka Siwema ashitakiwe. Mkubwa akawaza zaidi. Alikuwa na tatizo lake: tangu kanuni ipite hakuna bima hata moja iliyoonekana na mimba, na watu walianza kucheka. Sasa chombo kimetoka edani, na papo hapo pametokea mtoto. Ushahidi gani mwingine unatakiwa?

Wakaja bondeni na maturubai, viti vya plastiki na bendi ya tarumbeta. Radhia aliletwa akakalishwa mbele na mtoto wake. Daktari Ngurumo akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, leo si leo ya kawaida. Leo ni leo ambayo hata kesho itaionea wivu. Walitubeza. Walisema bima haishiki mimba. Mimba hii hapa, imezaliwa, ina kilo tatu. Mama yake mzazi anaonekana, hatumnyang'anyi. Lakini kisheria mtoto huyu ni zao la bima, na Shirika ndilo mzazi wa bima. Kwa unyenyekevu mkubwa, mimi ni babu yake. Naomba aitwe Ngurumo."

Tarumbeta zikalia. Radhia alingoja zinyamaze.

"Mtoto ana baba yake," akasema. "Anaitwa Makame, yuko machimboni, na hakuomba msaidizi."

Mkubwa akacheka kicheko cha kupigwa picha, akampapasa mtoto kichwani. Hapo ndipo alipoharibu, maana nchi ile, kwa ujinga wote wa wakuu wake, watu bado wanajua babu ni nani. Mwajabu akasimama kutoka nyuma, amemshika bintiye wa darasa la pili. Akasema kwamba huyu naye alizaliwa njiani, pale pale kwenye kona, yeye akiisukuma Panzi yenye bima hai. Kumbe miaka yote hii mtoto ana babu na hawakuambiwa. Akamsukuma binti mbele amsalimie babu yake.

Binti akaenda. Na kwa kuwa babu ni mtani, akafanya wanavyofanya wajukuu wote wa kule. Akamvua Mkurugenzi Mkuu kofia, akaivaa yeye, akamwita mume wangu, akamuuliza mbona amezeeka bila kumwoa.

Bonde likapasuka kwa vicheko. Mama wa pili akasimama, wa tatu, wa kumi. Karibu nusu ya watoto wa kule wamezaliwa mlimani, kati ya kuzima na kusukuma. Walimwagika jukwaani kama siafu. Mmoja akamning'inia tai, mmoja akapapasa mifuko kutafuta peremende, mmoja akamkalia pajani akamwambia hanyanyuki mpaka anunuliwe viatu vya shule. Wasichana wakagombana nani ndiye mke mkubwa. Mama zao walikaa kwenye viti vya plastiki wakimkumbusha kwa adabu zote, babu, wajukuu hawana sare, babu, paa la darasa linavuja, babu, Idi inakuja. Wasaidizi walitaka kuwafukuza watoto, lakini mpiga picha alikuwa bado anapiga, na Mkubwa alikuwa amekwisha kutangaza kwa kipaza sauti. Alitoka pale kwa mlango wa nyuma wa turubai, bila kofia na bila kiatu kimoja. Walimfuata mpaka kwenye gari wakiimba.

Jioni hiyo hiyo mhasibu wa Shirika alimfikia akiwa amejifungia, akamnong'oneza idadi ya wajukuu wa nchi nzima.

Asubuhi tangazo likabandikwa kila ukuta, limetiwa saini na Mkubwa mwenyewe. Lilisema kwamba uchunguzi wa kina umebaini kuwa bima ya nchi hii ni tasa. Haijapata kuzaa kitu chochote, haizai, na haitazaa, na mwananchi yeyote asiitegemee kwa hilo. Kwa hiyo eda imefutwa. Watu walilisoma mara mbili. Mara ya kwanza hawakuamini. Mara ya pili wakapiga makofi, maana miaka yote wamelipa bima hawakuwahi kuambiwa ukweli wake kwa ufasaha kama ule. Kosa la mshikaki halikufutwa. Limewekwa kwa jina la mtoto mpaka atakapokua.

Siwema hakupiga makofi. Alikuwa ameshafika Shirika la Bima, wa kwanza kwenye foleni, na Nyati iko nje. Ndani ya bonde kulikuwa na mama mwingine mwenye mimba aliyekwisha kumtumia salamu. Bwana Hashili alimpokea kwa upole wake ule ule. Alimpa hongera ya mjukuu, akaulizia afya ya Radhia, akasema kwa kweli yeye binafsi tangu mwanzo moyo wake ulikuwa hauikubali kanuni ile, ila mama unajua kazi za watu. Akamwomba asiweke kinyongo. Muhuri alikuwa ameushika mkononi, anauzungusha, anangoja kusamehewa kwanza.

Siwema alimtazama kama unavyotazama kitu ulichokikanyaga.

"Piga," akamwambia.